Jina Ambalo Mama Naserian Hakulitaja

Vijana wa mtaa walipomaliza kufunga turubai uani kwetu kwa ajili ya msiba wa Baba, ilinyesha mvua fupi, kisha jua likatoka, na turubai likaanza kutoa harufu yake. Ni harufu ya pamba nzito iliyolowa, nta, moshi wa zamani na ukungu kidogo. Waliokuja kunipa pole walinikuta nimesimama chini ya mshono mmoja, uso juu, macho nimefumba, wakadhani uchungu umenizidi. Mimi nilikuwa nanusa tu. Baba alishona maturubai maisha yake yote, na harufu ile ilikuwa mikononi mwake, kwenye mto wake, hata kwenye mkate aliotukatia asubuhi. Nilinusa mpaka shangazi akanishika mkono na kunikalisha, na nilipokaa nilikuwa na miaka tisa.

Nikiwa na umri huo ndipo Mama alipofariki. Ilikuwa masika, homa ya siku tatu, tukazika Ijumaa. Wanawake waliojaa nyumbani kwetu Ngarenaro walinong'ona kwamba mtoto huyu hajalia, na mmoja, kwa nia njema kabisa, alinifinya paja ili anisaidie. Sikulia. Nilijiona kama mtu aliyejazwa pamba masikioni. Nawaona watu wanafungua midomo, maneno yananifikia yamechelewa. Nilikula nilichopewa na kulala nilipoambiwa.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, nacho ni jina. Mama aliitwa Rukia. Zamani Baba akitaka mkasi alikuwa akiita kutoka kwenye cherehani yake, "Rukiaa," akilivuta mwisho, na Mama anaitika "Abee" kutoka jikoni. Kutwa nzima nyumba yetu ilikuwa hivyo, Rukia na abee, Rukia na abee, hata kasuku angeshajifunza. Baada ya mazishi jina likatoweka. Mama akawa marehemu kwa kila mtu, na kwa Baba akawa "mama yako." Mkasi Baba alijifuatia mwenyewe. Nilitaka kumsikia mtu mmoja anaita Rukia, na mtu mmoja anaitika. Sikutaka kingine, na sikumwambia mtu, kwa sababu nilijua pa kwenda kulisikia.

Nilijua kwa sababu zilikuwa zama za ruksa, serikali imelegeza biashara. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa sabuni na dawa za meno tena, mitumba imeingia, na shirika la umma alilokuwa akilishonea Baba maturubai ya malori lilikuwa limefungwa. Kazi yake mpya ilikuwa kwenye makampuni ya utalii. Mojawapo lilikubaliana na kijiji cha Wamaasai upande wa magharibi, mbali kupita Kisongo, wakaweka kambi: ardhi ya kijiji, mahema ya kampuni, ng'ombe waendelee kupita kwenda kunywa maji, na wanawake wa maboma ya karibu wapewe kazi. Miongoni mwa wanawake hao hakuna aliyewahi kushika pasi. Mama alikuwa amepiga pasi tangu akiwa mdogo, basi akachukuliwa akawafundishe, na kwa misimu mitatu alifuatana na Baba, mimi nikabaki na Bibi.

Kila aliporudi alirudi na hadithi, lakini moja ilizidi zote. Mwanamke aliyekuwa akifua naye alishikwa na uchungu wa uzazi ghafla, gari halipo, boma liko mbali. Mama akamkalia nyuma, akamshikilia mgongo, mpaka mtoto akazaliwa juu ya mashuka ya wageni. Akapewa jina la Mama. "Nina wajina wangu Umasaini," alikuwa akisema, na aliyekuja kuazima kijiko tu aliondoka na hadithi hiyo yote. Mara ya mwisho alipokwenda alichukua gauni langu la kijani lililokuwa limenibana tangu zamani akampelekea mtoto huyo. Kwa hiyo palikuwa na Rukia mwingine duniani, mwenye miaka mitatu hivi, na gauni langu mwilini.

Likizo ya mwezi wa sita Baba aliitwa kambini kukarabati mahema kabla ya msimu. Bibi alikuwa amerudi Tanga, hapakuwa na wa kuniachia, akanichukua. Nilikaa nyuma ya landrova katikati ya cherehani na mafungu ya uzi. Mlima Meru ulikuwa nyuma yetu umejifunika mawingu kama kawaida yake ya mwezi huo, na mbele nyasi tu, zimeanza kukauka.

Tulipofika niliona maturubai kumi na mawili yamesimama kwa mstari chini ya migunga. Kwetu turubai likisimamishwa kuna harusi au msiba, na sikusikia ngoma. Nikamuuliza Baba wamekufa akina nani. Akasema hakuna aliyekufa, zile ni nyumba za wageni. Jibu hilo halikuniridhisha, maana mtu mwenye akili anaacha nyumba ya tofali akalale turubaini kwa sababu gani? Nikakumbuka redio ilivyokuwa ikisema kila siku habari za wakimbizi, nikahitimisha mwenyewe. Kesho yake walipofika wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, niliwapa mkono na kuwaambia poleni sana. Walifurahi, wakasema asante na kunipa peremende. Nikawaona ni watu jasiri, kuchekacheka vile baada ya kukimbia vita.

Mahali pa kufulia palikuwa nyuma, chini ya paa la nyasi. Wanawake wanne walikuwa kazini siku tunafika, na watatu wakitembea shanga zinalia. Wa nne alikuwa mezani anapiga pasi, kichwa kimenyolewa, shuka la buluu, na hana hata ushanga mmoja, si shingoni, si masikioni. Baba alimwendea moja kwa moja. "Mama Rukia, habari za siku nyingi?"

Yule mwanamke aliweka pasi chini akamtazama Baba. Mwenzake aliyekuwa akianika, mtu mzima kidogo, alisema kwa sauti ya chini kwamba huyu anaitwa Mama Naserian. Baba akaomba radhi. Niliinamisha kichwa mbele ya yule mwanamke, kwa sababu Mama alinifundisha kwamba kule mtoto hasalimii kwa shikamoo peke yake, anatoa kichwa kiguswe. Aliweka kiganja chake utosini kwangu, akakiacha hapo muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Nyuma ya beseni alikuwapo mtoto wa kike, amevaa gauni la kijani. Nililijua mpaka kiraka cha kwapani, maana Mama alikishona mimi nikiwa nalo mwilini.

"Rukia," nikamwita. Mtoto akageuka.

Kiganja kilekile kikashuka kutoka kichwani kwangu kikaniziba mdomo. Hakikuniumiza. Kilikuwa na harufu ya sabuni ya mche na mkaa. "Hapana," alisema Mama Naserian. "Huyu ni Naserian."

Nilimchukia hapohapo, na chuki hiyo ndiyo kitu cha kwanza nilichokihisi tangu masika, japo nayo ilikuwa ya mbali, kama ya mtu mwingine. Nilijieleza mambo yote vizuri. Habari za msiba zilikuwa zimefika, dereva wa kambi ndiye aliyezipeleka. Mama alipokuwa hai na anawafundisha kazi walilitaka jina lake. Alipokufa hakuwa na faida tena, wakalivua na kumvika mtoto lingine. Kuhusu shanga, niliamua kwamba huyu mama ni mvivu wa kuzitunga, au mumewe amemnyang'anya kwa tabia mbaya.

Meneja wa kambi naye hakupendezwa na shingo hiyo tupu. Alikuwa kijana wa Usa River, mwenye haraka, shati jeupe hata porini. Alitaka wanawake wote wavae shanga siku ya kupokea kundi kubwa la wageni, na Mama Naserian akasema hatavaa. Meneja aliuliza sababu, akajibiwa kwamba hawezi, basi. Akaambiwa asiye na shanga abaki nyuma na pasi zake, na kama hataki kazi aseme mapema, wapo wengi wanaoitaka.

Kutwa nilikaa karibu na Baba, naye alikuwa ameketi chini kando ya hema lililolala, kipande cha ngozi kiganjani, anapitisha uzi kwenye nta na kuziba mishono iliyooza kwa mvua. Zamani alikuwa akishona huku anaguna wimbo. Sasa alishona kimya. Nikichoka kimya chake nilikwenda kumtazama adui yangu anapiga pasi, na hapo ndipo chuki ilipozidi kuniganda. Alichovya vidole kwenye bakuli akanyunyiza maji mara tatu, kidogo, kama Mama. Alipuliza mkaa kwa kugeuza shavu upande, kama Mama. Shuka alilikunja kwa kulishika ncha kidevuni. Yule mwanamke alikuwa na mikono ya mama yangu, anaitumia kutwa, na jina la mwenye mikono hataki kulisikia. Nikaona ni mwizi.

Basi nikafanya nililofanya. Nilikuwa na pakiti ya biskuti za glukosi. Kila siku mama yake akizama kazini nilimchukua Naserian nyuma ya tangi la maji nikamkalisha. Nikamuuliza, wewe nani? Akisema Naserian, hakuna kitu. Akisema Rukia, biskuti. Alikuwa mtoto mwepesi, na kwa siku nne akawa hakosei. Lakini kwangu mimi haikuhesabika, kwa sababu kulikuwa mimi na yeye tu. Nilitaka liitwe mbele za watu.

Wageni walikuja wiki ya pili, magari matatu. Wanawake walisimama kwenye njia ya kuingilia wakaimba, shanga zikipanda na kushuka mabegani, Meneja amesimama pembeni anatabasamu. Naserian alikuwa amechomoka kule nyuma kwa mama yake akajipenyeza mbele. Mzungu mmoja mwanamke alipiga goti mbele yake, akamuuliza kwa Kiswahili cha kujifunzia kwenye gari: "Jina lako nani?"

"Rukia," alisema Naserian, kwa sauti ya mtu anayedai biskuti.

"Rukia!" alirudia yule mgeni, na wengine nyuma yake wakarudia, Rukia, Rukia, kila mmoja kwa ulimi wake. Wimbo ukakatika. Wanawake wakatazamana.

Ndiyo hivyo, nililisikia. Nilikuwa nimelingoja tangu masika, likaitwa na watu kumi mchana kweupe, na mimi sikusikia chochote ndani yangu. Nilisimama nikingoja. Niliona inzi kwenye kiatu cha Meneja. Nikajua hakuna atakayeitika abee, si pale wala popote, na hata hilo nililijua kwa utulivu, kama mtu anayegundua amesahau leso nyumbani.

Halafu nikasikia harufu ya kuungua. Mama Naserian alikuwa amesimama mezani pake na pasi mkononi, imetua juu ya shuka, moshi unapanda, naye haiinui. Mwenzake alikimbia akamtoa. Mama Naserian alikwenda kumchukua mtoto wake kutoka katikati ya wageni, akamweka mgongoni, akashika njia ya kwao.

Hakuja kesho yake, wala siku ya tatu. Mashuka yakarundikana, Baba akajaribu kusaidia kupiga pasi na kuunguza foronya mbili. Meneja akasema ikifika siku ya tano anaweka mtu mwingine. Hapo Baba akaniita na kuniuliza kama ninajua lolote. Nikamwambia yote, mpaka biskuti. Nilidhani atanichapa. Alikunja kazi yake, akaomba sukari na majani ya chai jikoni, akaniambia nivae viatu.

Tulitembea mpaka bomani kwa saa nzima. Mama Naserian alitukaribisha nje ya nyumba yake, akatuletea vigoda na chai iliyojaa maziwa. Naserian alipotuona alinijia kuangalia mikono yangu kama ina kitu. Baba aliweka sukari chini.

"Mama Naserian, mtoto huyu amekosa," alisema. "Kosa lenyewe silijui vizuri, lakini naona amekosa. Mimi ndiye baba yake, nimekuja."

"Hakukosa," alisema. "Hajui." Akapanga maneno kwanza, maana Kiswahili alikuwa akikitumia kazini tu. "Kwetu, mtu akizeeka akaona wajukuu, akiondoka, tunamtaja. Tunampa mtoto jina lake. Lakini akiondoka bado kijana, jina tunaacha, linakwenda na yeye. Mtoto akiwa nalo, tunampa lingine. Na shanga tunavua."

Niliongea bila kutumwa. "Mbona mpishi wa kambi anamtaja? Wiki iliyopita alitaja jina la Mama, na wewe ulikuwepo, hukumziba mdomo."

Hakunikasirikia. "Mpishi si wa hapa. Hata jirani wa boma lile anaweza kutaja, mimi nikiwa mbali. Anaweza, kwa sababu si mtu wake." Akanigusa kifuani kwa kidole kimoja, halafu akajigusa yeye. "Wa nyumba moja tu ndio hatutaji."

Baba alikuwa na kikombe mdomoni. Alikunywa chai yote bila kukishusha, mpaka majani. Kisha akauliza shanga zitakaa chini mpaka lini.

"Shanga zitarudi," alisema Mama Naserian. "Jina halirudi."

Njiani tukirudi Baba alitangulia. Tulipokwisha kuliacha boma mbali, bila kugeuka akasema, "Umesikia? Amesema wa nyumba moja." Nikamjibu nimesikia. Niliona mabega yake yanatikisika, na nikajua analia, na mimi nikawa nahesabu miba iliyonasa kwenye suruali yake. Ilikuwa kumi na mmoja. Ningependa kuandika kwamba nilimshika mkono.

Baba alikwenda kuzungumza na Meneja, wakazungumza wima, na tangu hapo habari za shanga hazikutajwa tena. Mama Naserian alirudi kazini. Siku zilizobaki nilisimama mezani pake akanipa foronya nipige, akinishika kiwiko nilipobonyeza mno. Kunyunyiza maji mara tatu nilijifunza kwake. Hakutaja jina, na mimi sikulitaja, tukakaa hivyo mpaka likizo ikaisha na landrova ikaturudisha mjini.

Maana ya mambo hayo ilinifikia kidogo kidogo, na kwa kuchelewa kama kila kitu cha wakati ule. Mjini walionizunguka walikuwa wamelisahau jina kwa sababu ya haya na haraka. Yeye peke yake alikuwa amelificha kwa makusudi, akavua na alichokuwa nacho shingoni, akawa tayari kupoteza kazi. Nilipopata binti nilimpa jina la bibi yake, kama ilivyo kwetu, ambako jina la aliyekufa linarudi nyumbani. Nimemwita Rukia kwa miaka kumi na mmoja, na yeye, kwa kuwa nimemfundisha, anaitika abee.

Siku ya tatu ya msiba wa Baba, baada ya adhuhuri, mwanamke mzee aliingia uani akishikwa mkono na binti mrefu. Alikuwa na shanga shingo nzima, zikalia alipoinama kuvua viatu. Wanawake kwenye mkeka walisogea kumpisha huku wakiulizana kwa macho huyu ni nani wetu. Nilimjua kabla hajakaa. Nilimwendea nikainamisha kichwa, mtu mzima na mvi zangu, akaweka kiganja chake.

"Salimu," alisema, akitazama turubai juu yetu, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Salimu mwenye sindano. Ameona wajukuu." Akalirudia tena jina la Baba, na tena, wakati sisi wote tangu juzi tulikuwa tukisema marehemu, marehemu. Shangazi zangu walishtuka. Mimi nilifurahi, sioni haya kusema.

Hapo mtu akaita kutoka jikoni, "Rukia! Wapelekee wageni maji." Mwanangu akatokea na bilauri mbili kwenye sinia.

Mama Naserian aliinamisha macho akayaweka kwenye mkeka. Vidole vyake vilikwenda shingoni vikazishika shanga, vikatulia hapo. Lile jina alikuwa amelisikia kama mimi nilivyolisikia. Naserian, kando yake, alinitazama.

"Huyu mtoto wako," aliuliza yule mzee taratibu, bila kuinua macho, "anaitwa nani?"

Nilimtazama binti yangu. Ni mbishi kama mimi, ana jina lake na analipenda.

"Anaitwa Naserian," nikasema. Kisha nikageuka nikamwita. "Naserian, njoo uinamishe kichwa."

Alisimama na sinia lake akinitazama kama nimechanganyikiwa. Akamtazama yule mzee, akaitazama mikono yake shingoni. Akaweka sinia chini.

"Abee," akasema, akaja.